Kidaka cha Zelinda

Settimio akishika kisu kukata mkate, nilijua swali linakuja.

"Haya, Mturuki, leo useme kweli. Nani wamefanikiwa zaidi katika nchi hii, ninyi au sisi?"

"Ninyi," nikasema. "Nenda Brás ukahesabu dohani za viwanda. Kila moshi una jina la Kitaliani."

"Dohani! Na zile nyumba za Avenida Paulista, zenye madirisha kama ya msikiti, ni za nani? Za bibi yangu?"

"Ni za watu waliobeba kasha mgongoni miaka ishirini."

"Na waliokuwa wakinunua vya kashani ni nani? Kila shati nililovaa shambani lilitoka kwa Mturuki, na kila moja lilichanika kabla sijazoea rangi yake."

"Lakini hukufa kwa baridi."

"Sikufa kwa sababu kule hakuna baridi, mwizi wee!"

Basi tunacheka, tunakula. Huku São Paulo Msiria yeyote ni Mturuki, kwa sababu wa kwanza wetu waliposhuka melini walikuwa na karatasi za Sultani wa Uturuki. Ukikasirika kila unapoitwa hivyo utakufa na presha. Nasi tunawaita wao wakandamiza mizani, wenye kidole kizito. Ukimwita Mtaliani hivyo, hakikisha kwanza kwamba ni rafiki yako.

Tulikuwa tunakaa kwenye kizingiti cha karakana ya marumaru, ng'ambo ya ukuta wa makaburi ya mlimani, yale ya wakubwa. Settimio Brusadin alikuwa mchongaji. Wazazi wake walimleta akiwa mtoto kutoka Veneto kuchuma kahawa, na kahawa ikamla baba yake na kaka zake wawili kabla yeye hajakimbilia mjini na kushika tindo. Mikono yake imechonga malaika wa nusu ya matajiri wa mji huu. Karakana lakini si yake. Ni ya Mtaliani mwenzake anayekuja Ijumaa na mbwa mdogo kwapani.

Mimi ni Wadih, mtu wa Homsi. Nilishuka nchi hii na miaka kumi na sita, nikapewa kasha la uzi, sindano, tasbihi na vitambaa, nikaambiwa: reli ni ile, mashamba yako huko. Nikatembea. Wenzangu walitembea miaka kadhaa, wakafungua duka, kisha duka la jumla, kisha kiwanda. Mimi nilitembea tu. Kila nilipokaa mahali msimu mmoja, nyayo zilianza kuwasha kama nimekanyaga upupu. Nilipochoka kubeba kasha nikawa dalali. Msiria akifiwa anataka marumaru, marumaru iko mikononi mwa Mtaliani, na katikati yao napita mimi, kwa kuwa maneno ya Wataliani niliyaokota zamani jikoni mwao, huko kwenye kahawa.

Mwaka ule nilikuwa nimekaa mjini kupita kiasi. Watu walikuwa wanamiminika Paraná kwenye ardhi nyekundu, miji inaota kule kama uyoga, na mimi nilikuwa bado hapa nangoja kazi moja iishe: nyumba ya kaburi ya marehemu Mikhail Jabbur.

Mikhail alikuwa mchuuzi kama mimi, ila yeye miguu yake ilijua kusimama. Alimwachia mwanawe Shafik kiwanda cha vitambaa. Shafik alikuja karakana siku ya kwanza na suti ya kijivu, akaonyesha kidole ng'ambo ya ukuta, kwenye kaburi la tajiri mmoja wa Kitaliani, mwenye viwanda vya unga.

"Lile lina urefu gani?"

"Mita sita na robo, bwana, pamoja na msalaba," Settimio akasema.

"Letu liwe saba."

"Bila msalaba au na msalaba?"

"Bila."

Settimio alinitazama kwa jicho la pembeni. Shafik alipoondoka akaniambia, "Hata mkifa mnashindana! Huyo wenu akilala mita saba ataona nini zaidi?"

"Ataona paa la wenu."

Nyumba yenyewe ilikuwa na mlango wa shaba, altare ndogo, na ukutani vidaka kumi na viwili vya kulazia wafu, sita kila upande. Jamaa wa Shafik wote wakihesabiwa pamoja na wakwe hawajazi vidaka vinane.

Sasa nieleze kilichokuwa kinamkosesha Settimio usingizi mwaka ule. Mkewe Zelinda alikuwa amelala katika makaburi ya wanyonge, ng'ambo ya reli. Kule hununui mahali, unapewa kwa muda. Miaka mitatu ikiisha wanakufukua, na kama jamaa zako hawana kidaka cha kukuweka, mifupa yako inakwenda shimo la pamoja, imechanganyika na ya wengine, na hakuna atakayejua wewe ni upi. Miaka mitatu ya Zelinda ilikuwa inaisha kabla ya Sikukuu ya Marehemu. Ugonjwa wake ulikuwa umekula kila kitu, hata cherehani yake. Kidaka cha kununua, hata katika makaburi ya kawaida, kilikuwa kama kununua nyumba.

"Nimewachongea malaika mia moja," aliniambia siku moja huku akikohoa lile vumbi jeupe lililomkaa kifuani. "Mia moja! Na mwanamke aliyenifulia vumbi lao wanamtupa shimoni kama mabaki ya chakula. Wadih, mimi sitaki malaika. Nataka tu tundu lenye jina."

Aliponiita Wadih badala ya Mturuki nilijua hatanii.

Kwanza alikwenda kwenye chama chao, cha Wataliani wa kusaidiana. Zamani alikuwa analipa ada, Zelinda alipougua akaacha. Walimpokea vizuri sana. Wakamsimamisha kwenye mstari pamoja na wengine, mheshimiwa mmoja akatoa hotuba kuhusu nchi ya mababa, wakapigwa picha, akarudi na mfuko wa unga wa polenta. Polenta ni ugali wao, wa manjano. Aliuweka mfuko karakana, hakuufungua. Panya waliufungua.

"Katika picha," alisema, "nitaonekana nimekumbatia unga kama mtoto mchanga. Zelinda angeniona angeninyima chakula mwezi mzima. Mtu mwingine asinipe kitu. Sikia vizuri. Asinipe mtu kitu!"

Nilianza kutembea. Mimi nikiwa na jambo siwezi kukaa. Nilikuwa natoka karakana nashuka mpaka sokoni, natoka sokoni navuka reli hadi Mooca kwa Wataliani wafanyakazi, nyumba zao ndogo za matofali waliyoyafyatua wenyewe, kila moja na kibaraza na mzabibu juu ya waya. Narudi upande wetu, Mtaa wa Ishirini na Tano Machi, ambako Msiria mwenye mamilioni anaishi juu ya duka na watoto sita katika vyumba vitatu mpaka siku atakapohamia Avenida moja kwa moja, kama mtu aliyeruka ngazi. Mtaliani akipata kidogo anajenga ukuta. Msiria akipata kidogo ananunua robota lingine la kitambaa na kumpeleka mtoto shule ya udaktari. Ukipita barabarani utadhani Mtaliani ndiye mwenye nacho. Ukiingia ghalani utadhani ni Msiria. Magazeti yalikuwa yanaandika, Wasiria hivi, Wataliani vile, jamii hii imetajirika kuliko ile. Nilikuwa nasoma kwa shida, kidole chini ya herufi, na kila mara najiuliza: katika hesabu hiyo Settimio ameingizwa na yule mwenye viwanda vya unga? Na mimi nimeingizwa na Shafik? Tukigawanywa sawa, basi nina kiwanda robo na sijui kiko wapi.

Siku ya nne ya kuzunguka nikajikuta nimesimama mbele ya duka la Nazira.

Nazira ni mjane wa Mikhail, sisi tunamwita Mama Shafiki. Mwanawe alimjengea nyumba Avenida, yenye ngazi mbili za kupandia ghorofa ileile, lakini kila asubuhi alimwamuru dereva amshushe kwenye lile duka la kwanza, dogo, giza, akakaa kwenye kigoda nyuma ya meza akipima utepe kwa mkono. Shafik alikuwa anaona haya. Yeye alikuwa anaona raha.

"Karibu, mpotevu," akasema. "Leo si Jumatano? Kichwa kiko sawa?"

Wasiria wote husema watu wa Homsi tuna siku yetu ya wazimu, Jumatano. Nimelisikia hilo tangu naachishwa ziwa.

"Leo Alhamisi, Mama Shafiki. Nimepona jana."

"Basi kaa. Mbona unachezacheza miguu kama mbuzi mwenye kiu? Kaa!"

Nikakaa ukingoni. Kahawa ikaletwa. Nikamweleza habari ya Settimio na Zelinda, sikuficha kitu, hata habari ya unga. Alisikiliza huku utepe unapita vidoleni mwake.

"Huyo mwanamke alikuwa wa mjini?"

"Wa shambani. Kahawa, upande wa Jaú. Walioana huko."

"Wataliani wa mashambani." Utepe ukasimama. "Mikhail alikuwa akirudi nyumbani nguo zinanuka moshi wa jikoni zao. Mwaka mmoja alishikwa na homa njiani. Wakamlaza, wakamnywesha mchuzi mpaka akasimama. Nilimuuliza, ni akina nani tuwapelekee zawadi? Akasema, ni wale wenye watoto wengi. Wote wana watoto wengi, Mikhail! Hakujua hata jina." Akakunja utepe. "Vidaka viko kumi na viwili. Shafik anafikiri tutakufa wote kwa mpigo. Mwambie huyo fundi amlete mkewe. Atakuwa mgeni wetu."

"Mungu akuzidishie. Na kuhusu bei, Mama Shafiki, yeye ni mtu ambaye..."

"Bei?" Aliniangalia kama nimetema mate sakafuni. "Wadih, mgeni anaulizwa bei ya kitanda? Kwenu Homsi ndivyo mlivyo siku hizi? Kunywa kahawa yako uende. Usinitie aibu mbele ya wateja."

Mteja aliyekuwepo ni mmoja, na alikuwa anabembeleza bei ya vifungo.

Nilirudi karakana karibu nikikimbia. Settimio akazima mashine ya kusugulia.

"Amekubali," nikasema. "Kidaka kipo."

Alikaa juu ya jiwe. Kisha akauliza, "Kiasi gani?"

"Usiwe na wasiwasi."

"Sikuulizi wasiwasi wangu. Nakuuliza kiasi gani."

Dalali akijibu swali kama hilo kwa kweli tupu atakufa njaa, na wateja wake pia. Nilitazama huku na huku. Macho yakatua kwenye miimo ya mlango wa Jabbur, imelazwa pale chini, laini, haina pambo.

"Anataka mzabibu," nikasema. "Kwenye miimo ya mlango, toka chini hadi juu, na vishada. Haumo katika mkataba. Uuchonge kwa muda wako mwenyewe, ndiyo bei."

"Miimo yote miwili?"

"Yote miwili."

"Hiyo ni kazi ya mwezi."

"Ndiyo bei."

Uso wake ukafunguka. "Kidaka kwa kazi ya mwezi? Huyo mama kauza rahisi! Na wanasema Waturuki wanajua biashara. Mwambie nitamwekea na ndege."

Akauchonga. Jioni wenzake wakiondoka yeye alibaki, na Jumapili baada ya misa alikuwa pale. Zabibu zilitoka jiwe likionekana lina maji ndani. Mimi nilikuwa napita kila siku kutazama, nashika, natoka, narudi. Nazira alipouona kwa mara ya kwanza akaniuliza huu mzabibu umetoka wapi.

"Shukrani zake," nikasema.

"Ana adabu huyo Mtaliani," akasema. "Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, kumbe na kwao."

Basi kila mmoja alikuwa na furaha yake, na mimi niliona nimefanya kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilianza kuuliza nauli ya treni ya kwenda Paraná.

Siku ilipofika ilikuwa asubuhi yenye manyunyu. Settimio alikuja na suti nyeusi iliyombana mabegani na kisanduku cha bati mikononi. Alikuwa amekwenda peke yake kushuhudia ufukuaji, hakutaka niende. Mwanamke mzima, aliyezaa, aliyechuma kahawa, alikuwa anaenea katika kitu cha kubeba kwapani. Hakukibeba kwapani. Alikibeba mbele, kwa mikono miwili, kama mtu anayeleta supu ya moto.

Nazira alifika na gari, glavu nyeusi, na kikapu cha mikate midogo mitamu tunayogawa kwa ajili ya roho ya maiti. Shafik alikuwa naye, anatazama saa. Settimio akaweka kisanduku kwenye ngazi ya kwanza ya marumaru, akavua kofia. Mlinzi wa makaburi alisimama kando na karatasi yake ya ruhusa. Ilikuwa imeandikwa kwamba mifupa iwekwe siku hiyo, mahali palipotajwa, ama irudi ilikotoka.

Nazira alitoa mkate kikapuni, akampa kwa mkono wake. Kireno chake ni kama changu, kimeshonwa kwa vipande. "Mungu amrehemu. Karibuni. Kuanzia leo ni mgeni wa nyumba yetu."

Settimio alikuwa amekwisha kunyosha mkono. Mkono ukasimama hewani.

"Mgeni?"

"Mgeni wetu," Nazira akarudia kwa sauti ya juu zaidi, akidhani hakusikia.

"Samahani, bibi. Mimi nimenunua."

"Umenunua nini?"

"Kidaka. Bei yake ni ile pale." Akaonyesha mzabibu.

Nazira akautazama mzabibu. Akanitazama mimi. Settimio naye akanitazama. Manyunyu yalikuwa yananiingia shingoni.

"Wadih," Nazira akasema kwa Kiarabu, polepole, "leo ni siku gani?"

"Jumatano, Mama Shafiki," nikasema, na kweli ilikuwa Jumatano.

"Amekudanganya nini?" Settimio akaniuliza kwa lugha ya kwao. "Au umenidanganya mimi? Huyu mama ananipa bure? Amenipa sadaka, na wewe ukanichezesha mwezi mzima kama kichaa?"

"Settimio, ndugu yangu, sikiliza..."

"Ndugu yako alikufa kwa aibu."

Hapo Shafik akaingia. Nadhani alitaka mambo yaishe tu, si mtu mbaya. Akaweka mkono begani kwa Settimio na kusema, "Fundi, usijisumbue. Kidaka kimoja ni nini? Chukua tu, chukua. Sisi hatupungukiwi na kitu."

Settimio akainama, akaokota kisanduku.

Akavaa kofia kwa mkono mmoja na kuanza kushuka ile njia ya mawe kuelekea langoni. Mlinzi akakunja karatasi. Nilijua, na Settimio alijua, kwamba nje ya lile lango hakukuwa na mahali pengine ila shimo. Alikuwa anampeleka Zelinda shimoni kwa miguu yake mwenyewe na asingegeuka. Nilimkimbilia, nikamshika kiwiko, akanitikisa kama nzi.

"We fundi!" Sauti ya Nazira ilitoka nyuma yetu, na haikuwa ile ya mjane wa Avenida. Nilikuwa sijaisikia sauti ile tangu siku za mabanda ya soko. "We fundi! Unanunua au unapita tu?"

Settimio akasimama.

"Mama, watu wanatutazama," Shafik akanong'ona.

"Nyamaza. Wewe hujawahi hata siku moja kumuuzia kitu mtu aliyesimama mbele yako. Unauza kwa simu." Alikuwa anavua glavu, kidole kimoja kimoja. "Nimeuliza: unanunua au unapita?"

Settimio akageuka. "Nanunua."

"Njoo basi. Biashara haifanywi kwa kupiga kelele kutoka langoni. Unataka kipi?"

Akarudi, kisanduku mikononi. "Cha chini kushoto."

"Umechagua. Hicho ndicho kizuri. Hakipigwi na jua la jioni, na mtu akiingia, mkeo anakuwa wa kwanza kuonekana."

"Kina unyevunyevu. Nimekijenga mimi, usiniuzie maneno."

"Kama kina unyevunyevu, ni aibu ya fundi. Elfu kumi na tano."

"Elfu kumi na... Bibi, kwa hizo nanunua nyumba Mooca, nakaa ndani na Zelinda!"

"Kanunue. Elfu kumi na nne."

"Elfu tatu. Ndizo zote nilizo nazo duniani."

"Elfu tatu utapata utepe wa kumfungia kisanduku. Tazama marumaru hii! Tazama shaba! Tazama jirani yenu hapo, mtu wa unga, mita sita tu. Sisi saba."

"Hizo mita saba nimezipandisha mimi mgongoni. Na toa bei ya mzabibu."

"Mzabibu sikuagiza."

Wote wawili wakanigeukia tena. Nikaangalia viatu vyangu.

"Sikuagiza," Nazira akasema, "lakini upo mlangoni kwangu na sitaurudisha. Nauhesabu elfu nne."

"Elfu nne? Vishada vile? Na ndege? Bibi, hata yule mwenye karakana, ambaye ni mnyonyaji, asingethubutu! Elfu sita."

"Ndege mmoja hana jicho."

"Amelala!"

Mlinzi wa makaburi alicheka, akajifanya anakohoa. Shafik alikwenda kusimama karibu na gari. Na wale wawili waliendelea, manyunyu yanawalowesha, bibi mwenye miaka sabini na ushei na fundi anayekohoa, wanapanda na kushuka, wanakasirika kweli, wanageuziana mgongo kweli. Uso wa Settimio ulikuwa umepata rangi. Nazira alikuwa amekua kimo. Niliona kisanduku kimetulia kwenye mkono wa kushoto wa Settimio, na wa kulia unakata hewa.

Wakafika mahali ambapo, mzabibu ukiisha kutolewa, ilibaki elfu tano na mia nne.

"Na sina," Settimio akasema. "Nina tatu."

"Nani kakwambia uwe nazo zote? Katika maisha yako Mturuki amewahi kukuuzia kitu ukalipa chote siku hiyo? Moja leo. Zilizobaki, mia mbili kila mwezi, dukani kwangu, mkononi mwangu. Si kwa mwanangu, atakusamehe."

"Kila mwezi."

"Jumamosi ya kwanza. Ukichelewa nitakuja mwenyewe karakana, nitapiga kelele barabara nzima ijue."

"Sichelewi."

"Wote husema hivyo. Mdhamini wako nani?"

Settimio akafikiri. Mwanawe pekee alikuwa Argentina, hana habari naye. "Sina."

"Unaye," Nazira akasema, na kidole chake, kilichopinda kwa kupima vitambaa, kikaninyoshea mimi.

"Mama Shafiki, wiki ijayo naondoka. Naenda Paraná."

"Ulikuwa unaondoka."

"Na ujira wangu wa udalali?"

"Ujira!" wakasema wote wawili kwa pamoja, kila mmoja kwa lugha yake, na wakaniangalia kwa namna ambayo sikuuliza tena.

Walipeana mikono. Settimio alitoa noti kutoka ndani ya kofia, Nazira akazihesabu kwa kidole kilicholowa mate, akaziingiza kifuani. Ndipo akachukua tena mkate kikapuni, bila neno, na Settimio akaupokea akaula wote, amesimama, makombo yanaanguka kwenye suti.

Alimwingiza Zelinda mwenyewe. Hakuruhusu mlinzi aguse bamba la kuzibia kidaka. Nilimsikia ndani anazungumza kwa sauti ya chini, lahaja ya kwao ya zamani ambayo hata mimi siipati yote, kisha mlio wa mwiko.

Nilimsindikiza Nazira hadi kwenye gari. Alikuwa anahema, amefurahi. Shafik alimfungulia mlango bila kumtazama.

"Miezi ishirini na miwili," nikamwambia. "Mama Shafiki, mimi sijawahi kukaa mahali miezi ishirini na miwili. Nitaugua."

"Ugua. Na usinitoroke, Wadih. Una habari kwamba Paraná nina binamu watatu wenye maduka, na mmoja yuko pale pale stesheni?"

Gari likaondoka. Nilibaki langoni. Chini ya mteremko tramu ya kwenda stesheni ilikuwa inakuja, tupu, mvua inang'aa juu ya paa lake. Ilisimama, ikapiga kengele, dereva akanitazama kama napanda. Mguu mmoja ulikuwa umekwisha kushuka kwenye barabara.

"Mdhamini!" Settimio aliita kutoka ndani. "Plasta inakauka huku! Lete maji!"

Nikaenda kutafuta ndoo.